Meno Ishirini na Manne

Pikapu ya baba ilikaa juu ya mawe miezi saba. Mawe yenyewe tuliyatoa mlimani nyuma ya nyumba, manne makubwa, na fundi aliyapanga chini ya gari akiwa na hakika kwamba ni ya wiki mbili tu. Ulipofika mwezi wa tatu kuku walikuwa wameanza kutaga chini yake, na watu waliopita njiani kwenda shambani waliacha kutuuliza.

Baba alikuwa dereva wa serikali miaka yake yote ya kazi. Alipostaafu aliinunua pikapu hiyo kwenye mnada wa magari chakavu, gari la Kijapani, akarudi nayo Butiama. Ilibeba muhogo, ilibeba bati na saruji, ilibeba wagonjwa kwenda hospitali Musoma, na mara nyingine iliwarudisha wakiwa wamefunikwa shuka. Kisha klachi ikaisha. Ukiwasha injini ilinguruma vizuri, ukiingiza gia hakuna kilichosogea. Kati ya injini na giaboksi kuna sahani ya chuma, upana wake kama wa sinia dogo, na katikati yake tundu lenye meno. Watu wa gereji wanaiita pleti. Hiyo ndiyo iliyokuwa imelika, ikabaki nyembamba na kung'aa.

Wakati huo macho ya baba nayo yalikuwa yanaisha. Mtoto wa jicho, daktari alisema, tena kwenye macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli. Mama alikuwa amefariki, kaka zangu walikuwa mbali kwa ajili ya kazi zao. Mimi nilikuwa nafundisha hesabu shule ya msingi, ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nikawa nimerudi kukaa naye. Kwa hiyo kazi ya kutafuta pleti iliniangukia mimi. Sikuiomba.

Miaka ile dukani hakukuwa na kitu. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kibali, na spea mpya ya gari hata hukuthubutu kuiulizia. Kilichokuwapo ni magari yaliyochinjwa. Ndivyo walivyosema, kuchinja: gari bovu linafunguliwa na kuuzwa kipande kipande, mlango huku, rejeta kule, mpaka inabaki bodi tupu inayoota majani. Bunda, karibu na barabara kubwa, palikuwa na mtu mwenye uwanja wa magari ya namna hiyo. Jumamosi moja nilidandia lori la pamba nikaenda kwake. Nilikuwa na karatasi niliyoiandika kwa maneno ya baba: aina ya gari, mwaka wake, namba ya injini.

Yule bwana aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na pleti imefungwa kwenye gunia.

"Hii ni ya gari hiyo hiyo, mwalimu. Niliitoa mwenyewe."

"Una hakika?"

"Gari zinazofanana hivi, utakosea wapi?"

Nikaamini. Nilirudi nayo mapajani, juu ya marobota ya pamba, vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Kesho yake fundi wetu alikuja. Huyu alikuwa mtu mzima wa hapo kijijini, mpole, aliyejifunza kazi kwa baba tangu enzi baba akiwa serikalini. Alilala chini ya gari akajaribu kuivika pleti kwenye shafti ya giaboksi. Haikuingia. Akaigeuza, haikuingia. Akatoka chini, akampa baba pleti mkononi.

Baba alitia kidole gumba kwenye tundu la katikati akazungusha polepole, akihesabu. Kisha akaomba ile ya zamani, akahesabu nayo.

"Hii ina meno ishirini na moja," alisema. "Yetu ina ishirini na nne. Mama, aina ya gari ni moja, lakini kiwandani walikuwaga wanabadilisha vitu katikati ya mwaka. Jina la gari lisikudanganye."

Alikuwa akiniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Hata akiwa amekasirika aliniita hivyo, na mimi nilishindwa kumjibu vibaya mtu anayeniita mama.

Mara ya pili nilibeba pleti ya zamani yenyewe, nimeiviringisha kwenye kitenge. Nilibeba na kipande cha chaki. Yule bwana wa Bunda alikubali kuipokea ile ya kwanza bila maneno mengi, akanifungulia kibanda, akasema nitafute mwenyewe. Ndani mlikuwa na pleti kama thelathini, zimetundikwa kwenye misumari, nyingine zimerundikwa chini. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Jino la kwanza nililitia chaki ili nisilihesabu mara mbili, kisha nikaendelea, moja, mbili, tatu, kama ninavyowafundisha darasa la kwanza. Nilizipanga zenye ishirini na nne pembeni. Zilikuwa nne. Nikazilaza moja moja juu ya ile yetu, kuona kama ukingo unakutana na ukingo. Moja ilikutana pande zote. Mikono yangu ilikuwa myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko, na kiuno kilikuwa kinaniuma, lakini nilitoka pale nikijiona nimeshinda.

Jioni ile fundi aliivika kwenye shafti, ikaingia kama imezaliwa pale. Tulicheka. Fundi akafunga giaboksi, kazi ya saa nzima akiwa chali, mchanga unamwingia machoni. Alipowasha injini ikatoka sauti ya chuma kusagana na chuma, na baba akapiga kelele azime.

Wakafungua tena. Baba akazipapasa zote mbili, ya zamani na mpya, mbele na nyuma.

"Kitovu," alisema, kidole kikiwa kwenye sehemu nene inayozunguka tundu. "Kitovu cha hii kimejitokeza upande wa injini. Cha yetu kimelala. Hiki kinagonga boliti." Akaziweka chini zote mbili, akasema, "Ulihesabu, mama. Hukupapasa."

Sijui ni nini kilinipanda. Labda ni ile safari ya lori, labda ni madaftari ya watoto niliyokuwa sijasahihisha kwa sababu yake. Nilimwambia, "Basi ungeenda wewe. Ungeenda na macho yako ukapapase." Fundi akainamisha kichwa akajifanya anatafuta spana. Baba alinyoosha mkono akaanza kupapasa hewani akitafuta kiti chake, na kiti kilikuwa upande mwingine. Nilimshika mkono nikamkalisha. Hatukuzungumza tena mpaka tulipokula, na hata tulipokula tulizungumza habari ya chumvi.

Wiki tatu sikwenda popote. Nilifundisha, nikachota maji, nikalala. Aliyenirudisha kwenye jambo hilo ni yule bwana wa Bunda. Nilikuwa nimempelekea pleti yake kwa mkono wa dereva wa lori, naye akanijibu kwa mdomo wa dereva huyo huyo: mwambie mwalimu asihangaike kuja kwangu, sina. Gari kama yao ninaijua moja tu, iko Musoma, mtaa wa Kitaji, kwa mjane mmoja. Haijachinjwa. Lakini mama huyo hauzi.

Nilimpata mjane huyo bila shida, kwa kuwa gari lenyewe lilionekana tangu barabarani. Lilikuwa limesimama ubavuni mwa nyumba ndogo ya bati, na nililitazama muda mrefu kabla ya kupiga hodi. Lilikuwa kama la kwetu kabisa, ila hili lilikuwa safi. Vioo vilikuwa vimefutwa. Juu ya kiti cha dereva kulikuwa na kitambaa cha kufuma.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Ukerewe, fundi wa kushona. Alinikaribisha, akanipa maji ya kunywa, akasikiliza yote bila kunikatiza. Nilimwonyesha pleti yetu mbovu.

"Marehemu aliiweka hapo mwenyewe," alisema. "Injini ilikufa, akasema atatengeneza. Halafu akafa yeye. Shemeji zangu walisema gari ni ya ukoo, nisiiguse, watakuja kuichukua. Mwaka wa nne huu. Kila asubuhi naifutaga vumbi wasije wakasema nimeiharibu."

"Na wewe unataka kuifanyia nini?"

"Mimi nataka kwenda kwetu," alisema. "Nimechoka kulinda chuma."

Nje mtu alipita akiuza furu, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, akaita mara mbili, akaenda zake. Mjane alichukua ile pleti akaizungusha mikononi kama anakagua kola ya shati.

"Mkiifungua halafu isilingane na yenu," aliniuliza, "nani ataifunga?"

"Fundi wetu ataifunga kama alivyoikuta."

"Na mkichukua hiyo nzima, hii mbovu mtaiweka mahali pake. Sitaki pawe na pengo. Akija mtu akiifungua akute kila kitu kimo."

"Tutaiweka."

"Basi ikikubali, sitaki malipo mengine. Gari yenu ikitembea, mnipeleke Kisorya na vitu vyangu, nivuke ziwa kwenda kwetu. Magari ya kwenda huko yananikataa nikisema nina kitanda na cherehani."

Niliporudi nikamweleza baba. Nilidhani atamtuma fundi. Akasema, "Tunakwenda wote. Safari hii napapasa mwenyewe." Hakusema kwa kunirudishia yale maneno yangu, lakini niliyasikia humo ndani, nikatazama pembeni.

Tulikwenda Jumamosi, kwa kuwa Jumapili alasiri magari yalikuwa yamekatazwa kutembea, kuokoa petroli, na tungekwama huko. Fundi alibeba spana kwenye mfuko wa shule. Mjane alikuwa ametandika jamvi chini ya gari, kama anayepokea wageni. Kwanza baba aliomba nimsomee kibati cha namba kilichopigiliwa kwenye bodi. Nikasoma. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni namba ya bodi. Injini inaweza kuwa ilibadilishwa. Soma iliyo kwenye injini." Nilikwangua uchafu kwa kisu cha mjane mpaka zikatokea. Herufi za mwanzo zilikuwa sawa na zetu. "Hapo sawa," alisema, "lakini bado."

Fundi alilala kwenye jamvi akaanza kufungua. Boliti zilikuwa zimeshika kutu, na kila moja ilipokubali ilitoa mlio kama wa mtu anayeguna. Ilichukua asubuhi yote. Mjane alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono, na kila mlio ulipotoka alifumba macho. Nilitaka kumwambia aende jikoni asitazame, ila sikuwa na haki hiyo.

Giaboksi iliposhuka na pleti ikatoka, baba aliketi chini, miguu ameinyoosha, akaziweka zote mbili juu ya mapaja yake. Pleti mbovu mkono wa kushoto, ya mjane mkono wa kulia. Akaanza na kidole gumba. Nilipiga magoti mbele yake nikahesabu kwa macho alipokuwa anahesabu kwa kidole, midomo yetu ikisogea pamoja. Ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Ishirini na nne. Hakushangilia. Akapima upana kwa shubiri, akazigeuza, akapitisha kiganja juu ya kitovu cha moja, kisha cha nyingine, tena na tena. Akabonyeza springi moja baada ya nyingine. Akazibananisha pamoja kama mtu anavyofunga kitabu, akapitisha kucha ukingoni kuzunguka pote.

"Mama," aliniita. "Njoo upapase."

Nikapapasa. Hazikuwa na tofauti, ila moja ilikuwa nene na nyingine imechoka.

"Unaonaje?"

"Zinalingana, baba."

"Mimi pia naona hivyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana, hata mjane akaenda kumletea uji bila kuambiwa.

Fundi aliivika pleti yetu mbovu kwenye gari la mjane. Iliingia mara ya kwanza. Kulifunga lile gari kulichukua muda uleule wa kulifungua, na hakuruka boliti hata moja, ingawa lilikuwa gari lisilokwenda popote. Alipomaliza, mjane alikuja na kitambaa chake akafuta alama za mikono yetu kwenye mlango.

Siku tatu baadaye pikapu yetu ilishuka kutoka juu ya mawe. Petroli tuliipata kwa kibali cha kumpeleka baba hospitali kuonwa macho, na tulimpeleka kweli. Walimwandikia kusubiri daktari wa macho atakapopita. Tulipotoka hospitali tulikwenda moja kwa moja Kitaji. Kitanda, cherehani, masufuria, magunia mawili ya vitambaa na vipande vya vitambaa. Fundi aliendesha, baba kando yake, mimi na mjane nyuma na mizigo. Nilijua baba hana haja ya kuona njia. Alikuwa anasikiliza gia. Kila fundi alipobadilisha, nilikiona kichwa cha baba kupitia kioo cha nyuma kikiinama kidogo upande wa injini.

Tangu Bunda barabara ya Kisorya ilikuwa mashimo matupu. Mjane alikaa juu ya gunia la vitambaa ameshikilia cherehani kwa mikono yote miwili. Ziwa lilipoanza kuonekana akasema, "Leo asubuhi nimeifuta tena. Kwa mazoea tu." Nikamuuliza ufunguo wa gari amemwachia nani. "Nimeuacha ndani, kwenye kiti. Anayeitaka atavuta mlango tu, haujafungwa." Alianza kulia, si kwa sauti, na mimi nilishika cherehani kwa niaba yake ili ajifute.

Kisorya tulifika alasiri. Watu wa mtumbwi walipakia vitu vyake kwa kelele nyingi. Alimuaga baba kwa kumshika mikono yote miwili, akamwambia, "Mzee, hiyo pleti marehemu alikuwaga anaisifia." Baba akamjibu kwamba inastahili kusifiwa, ni kitu kizuri. Kisha alipanda, akakaa amewapa mgongo wapiga makasia, anatutazama sisi, mpaka sikuweza tena kuutofautisha uso wake na nyuso za wengine.

Pleti ile ilitufaa miaka minne na zaidi. Ilibeba watu wengi. Ilimbeba baba alipofanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na alipofunguliwa bandeji aliona kiasi cha kusoma maandishi makubwa. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Bunda ikajaa maduka, mashati ya mitumba yakining'inia mpaka barabarani, sabuni za rangi zote, na spea mpya ndani ya maboksi yenye picha. Yule bwana wa magari ya kuchinja alijenga duka la matofali.

Pleti ilipoanza kuteleza tena, tulikwenda wote wawili dukani hapo. Kijana mwuzaji, mpwa wa yule bwana, alituletea boksi jipya. Maandishi ya nje yalitaja gari letu. Baba akaomba alifungue.

"Mzee, ni mpya hii. Spea mpya haipimwi. Soma boksi."

Baba alilifungua mwenyewe, akatoa pleti, akatia kidole gumba katikati. Nilimwona akihesabu, nikamwona akifika mwisho kabla ya wakati wake. Akairudisha kwenye boksi taratibu. Mwuzaji akaleta boksi la pili, la tatu. La nne meno yalilingana, lakini kitovu hakikulingana. Kijana akasema, "Si unapiga msasa kidogo tu, mzee, itakubali." Baba akatoka nje akakaa kwenye ngazi ya duka. Nilikaa karibu naye. Magari yalikuwa mengi barabarani, mengine sijawahi kuyaona.

"Nilidhani vikishakuwepo vitu, kazi hii itaisha," alisema.

Nami nilikuwa nimedhani hivyo.

"Wewe una shule kesho," akasema. "Twende nyumbani."

Pikapu aliiuza mwezi uliofuata, kwa fundi wetu, ambaye ndiye pekee aliyejua imefungwa nini ndani yake. Siku alipokuja kuichukua, baba alizunguka naye akimwonyesha kila kitu kilichobadilishwa, kimetoka wapi, kinalingana na nini na hakilingani na nini, na fundi aliitikia kila mara ingawa vyote alivifunga yeye mwenyewe. Nilikuwa nimekaa barazani na rundo la madaftari. Walipomaliza, walilisukuma gari wawili hao hadi kwenye mteremko, baba akiegemea mlango kwa bega. Nikaacha kalamu, nikaenda kusaidia kusukuma.